Nusu Debe ya Mama Zaina

Munataka niwafundishe kuuliza. Magoti yangu yamechoka, jicho la kushoto linaona ukungu, na shefu wenu ameniwekea kiti hapa mbele anasema, "Papa Bonifasi, waelezee watoto namna mulivyokuwa munapima watu." Haya basi. Nitasema hadi nichoke, na siku hizi nachoka mapema. Anayetaka kutoka kunywa chai atoke tu, sitamuandika popote.

Ninyi munatembea na tableti. Inawaambia swali gani linafuata, na ukiruka moja inakukatalia kuendelea. Siye tulibeba fishi, fomu za maswali za karatasi zilizofungwa kwenye plastiki, na bik mbili za kuandikia, moja mufukoni, ingine ndani ya soksi. Kutoka Kasongo hadi Kabambare nimeanguka na pikipiki mara ambazo sihesabu tena. Fishi zikilowa unazianika kwenye majani, unakaa pembeni kufukuza mifugo. Siku moja nililala usingizi wa mchana, mbuzi akala familia nne. Papa Amuri, mukubwa wa kikundi chetu, muzee aliyenifundisha kazi hii yote, aliniambia nirudi niwaulize upya.

"Na mbuzi?" nikamuuliza, kwa hasira.

"Mbuzi umuache," akasema. "Yeye ameshachagua."

Kazi yenyewe, kwa maneno yangu, ilikuwa kujua mutu anaogopa kiasi gani. Si kuogopa nyoka. Kuogopa kupoteza. Proje, mradi uliotuajiri, ilikuwa inaleta mbegu mpya za mupunga, na mbegu mpya inaweza kukuzalia mara mbili ya ile ya zamani, ao ikakuachia majani matupu na watoto wanakuangalia. Wakubwa wa proje, kule mujini Kindu, walitaka kujua mapema nani atathubutu kuipanda na nani atarudi kwa mbegu ya babu yake.

Basi tulikuwa na kifuko kidogo cha kitambaa. Ndani vitu kumi, vitano vyekundu, vitano vyeupe. Unamwambia mutu: ingiza mukono, vuta kimoja bila kuangalia. Kikitoka chekundu, unapata madebe sita ya mupunga. Kikitoka cheupe, unarudi nyumbani mikono mitupu. Ao uache kifuko, tukupe madebe mawili ya hakika sasa hivi. Unachagua nini? Akichagua hakika, unaipunguza: debe moja na nusu, debe moja. Akichagua kifuko, unapandisha hakika: matatu, manne. Iko mahali atageuka, na pale anapogeuka ndipo unaandika alama yake. Kifuko kile, ukikivuta mara nyingi, kinakupa madebe matatu kwa wastani. Kwa hiyo anayegeukia matatu anatembea sawasawa na hesabu. Anayekubali debe moja la hakika anaacha mawili njiani ili moyo wake utulie. Na yule anayekataa manne ya hakika ili avute kifuko, huyo usimuazime baiskeli.

Na haikuwa maneno matupu. Jioni tulikuwa tunachagua nyumba moja kwa kura, tunachukua jibu lake moja, tunalilipa kwa mupunga wa kweli, mbele ya kijiji kizima. Bila hiyo watu wanajibu kujisifu tu. Mukumbuke hilo la kijiji kizima, maana nitawaambia jambo.

Vitabu vya wakubwa vinaita hesabu hii manufaa tarajiwa. Mimi niliimba jina hilo miezi mitatu bila kulielewa. Papa Amuri akanichukua kwa mama mumoja anayepika sokoni, akaagiza sahani tatu za bugali, zote kwangu. "Ya kwanza utakula juu ya njaa," akasema. "Ya pili utakula juu ya utamu. Ya tatu utakula juu ya haya, usimuvunje moyo mama aliyepika. Bugali ni ule ule, lakini kazi unayokufanyia si ile ile. Debe nalo iko vile. La kwanza linaokoa watoto, la sita linanenepesha panya. Mutu hahesabu madebe, Bonifasi, anahesabu yatamufanyia nini." Sahani ya tatu ilinishinda. Alinisukumia hadi nikaimaliza, halafu akanitembeza kwa miguu hadi Nyangwe kuuliza nyumba saba.

Huko Nyangwe ndipo nilipata aibu ya kwanza. Wakati ule ndani ya kifuko tulikuwa tunatia maharagi, mekundu na meupe. Mama mumoja, muke wa muvuvi, akavuta jekundu. Nikamwambia jaribu tena, jekundu. Tena, jekundu. Mimi nikaanza kusema mambo ya bahati na baraka, mama anacheka hadi anafuta machozi.

"Papa, mekundu ya kwetu iko makubwa kuliko meupe," akasema. "Vidole hivi vinachambua maharagi tangu mi mutoto. Unafikiri vimelala?"

Toka siku ile tulitumia vifuniko vya chupa za soda, tukivipaka rangi ya kucha. Niliinunua mimi mwenyewe sokoni Kasongo, na muke wangu aliikuta kwenye koti. Maelezo niliyotoa siku hiyo yalikuwa marefu kuliko fishi yoyote.

Kasongo mujini, upande wa familia za Waislamu wenye maduka, nilimufungulia kifuko muzee mumoja mwenye kofia safi na ndevu nyeupe. Akakiangalia, akaniangalia mimi. "Mutoto wa misioni," akasema kwa upole, "umeniletea kamari kwenye baraza yangu?" Akanipa maji ya kunywa, akanisindikiza hadi njiani. Mazungumzo yakaishia pale. Papa Amuri alirudi kesho yake bila kifuko. Akakaa, akamuuliza habari za watoto, kisha akasema, "Muzee, tuseme katika misimu kumi, mitano mvua inakuja vizuri na mitano inakatika." Muzee akajibu maswali yote, akaongeza na ya kwake, akabishana juu ya mvua hadi adhuhuri. Lilikuwa swali lile lile. Mimi nililiweka vibaya tu, na mutu wa watu akaona nimemutukana.

Salamabila nilifika mara nyingi. Kule kwenye dhahabu kipimo chetu kilikuwa kinavunjika. Muchimbaji mumoja, matope hadi masikioni, nilimupa manne ya hakika, akasema kifuko. Matano, kifuko. Nikamuuliza kama amesikia vizuri.

"Nasikia, papa. Mi nashuka shimoni asubuhi sijui kama nitapanda. Kifuniko cha soda ndicho kitaniogopesha?" Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka sana. "Hakika ingelikuwa iko, ningelikuwa kwetu nalima," akasema, akarudi kazini.

Niliandika: hana woga hata kidogo. Miaka mingi niliamini kwamba hiyo ndiyo ilikuwa habari yake yote.

Sasa musikie kanuni moja, hata kama mutasahau zingine. Kila asubuhi, kabla hatujapanda pikipiki, Papa Amuri alikuwa anarudia: mutu ajibu peke yake, na masikio yake mawili tu. Wenzetu wawili walifukuzwa sababu waliuliza watu kwa vikundi ili wamalize haraka. Hawakupewa hata siku ya kuaga. Ndiyo kanuni niliyoivunja mimi, kule Lusangi, na ndiyo habari nilikuwa nazunguka tangu nimeanza kusema. Nimechoka kuizunguka.

Mwaka ule proje haikuleta mbegu tu. Wazee wa kijiji walitoa bonde lenye maji, likakatwa viwanja vya mupunga, na kila kiwanja kitaandikwa kwa jina la yule atakayepanda mbegu mpya. Wenye alama ya chini kabisa wataachwa. Wakubwa walisema hao wakipewa mbegu wataipika.

Mama Zaina alikuwa mujane mwenye watoto wawili. Alikuwa anakaa kwenye uwanja wa Asumani, mudogo wa marehemu bwana yake, na analima shamba la Asumani. Lusangi nzima ilijua kwamba siku Asumani ataoa muke wa pili, shamba litakwenda kwa bibi arusi. Kwa Mama Zaina kiwanja cha bondeni kilikuwa mahali pa kwanza duniani ambapo hakuna mutu angemwambia ondoka. Hakuwa na njia ingine.

Nilifika kwao saa sita, jua kali, ilikuwa nyumba yangu ya kumi na moja. Asumani alinipokea vizuri, akaweka kiti barazani, kahawa ikaja. Nikamwambia nataka kumuuliza shemeji yake peke yake. Akacheka.

"Papa, mwanamuke wa nyumba hii aketi na mwanaume mugeni nyuma ya nyumba? Majirani watasema nini? Aje ajibu hapa. Mi nitanyamaza."

Alikuwa na haki, kufuatana na desturi ya pale, na mimi nilijua desturi hiyo. Dawa yake nilijua pia. Unaomba viti viwili katikati ya uwanja, mbali na baraza, pahali munapoonekana na kila mutu lakini hamusikiki. Ao unarudi kesho na mwenzako mwanamuke. Tulikuwa nao wawili, hodari. Lakini miguu ilikuwa inaniuma, na kahawa ilikuwa tamu. Nikasema haya, ajibu hapa.

Mama Zaina akaketi kwenye mukeka, macho chini. Asumani alinyamaza kweli kama alivyoahidi, anakunywa kahawa yake.

"Kifuko cha madebe sita, ao mawili ya hakika?"

"Hakika."

"Debe moja la hakika?"

"Hakika."

Fishi ilikuwa inaishia kwenye nusu debe. Sikuwahi kufika pale na mutu yeyote. "Nusu debe, mama?"

"Hakika, papa. Hata ingekuwa kilo moja."

Asumani akacheka, na mimi nikacheka naye. Nikamwambia, "Mama, wewe ungekimbia hata kivuli cha kuku!" Yeye akatabasamu kidogo, akavuta kitenge chake juu ya bega. Nikaandika alama ya mwisho kabisa, nikamaliza kahawa.

Siku tatu baadaye nilikuwa natoka Lusangi, kazi imeisha, nikamukuta njiani kwenye chemchemi. Akashusha ndoo ya maji, akaniita.

"Papa wa fishi. Uliandika nini juu yangu?"

"Ulichosema, mama. Kwamba unaogopa."

"Nimesikia walio na woga watanyimwa bonde."

Akapangusa mikono.

"Sikia. Madebe sita yakiingia uwanjani mbele ya kijiji kizima, nani atayabeba? Shemeji. Yataingia ghala yake, mama mukwe atagawa, na ndugu wa Kabambare watafika hata hatujamaliza kuyapepeta. Na kifuniko kikitoka cheupe? Hapo ni mi, Zaina, nimetupa chakula cha nyumba ndani ya kifuko. Nitasikia jambo hilo hadi nizikwe. Nusu debe naingiza jikoni ndani ya sufuria, hakuna mutu anauliza, watoto wanakula. Wewe ungejibu nini?"

Vijana, nilikuwa nimekwisha kuuliza watu wasiohesabika. Kila mara nilifikiri napima moyo wa mutu mumoja. Siku ile nilisikia kwamba kwa mama huyu kifuko hakikuwa na madebe sita hata kidogo. Kupata kulikuwa kwa nyumba, kupoteza kulikuwa kwake. Alikuwa amepiga hesabu kunishinda mimi, kwenye mukeka, kwa kupepesa jicho, na mimi nikamucheka.

"Niulize tena," akasema. "Hapa hakuna mutu."

Kifuko sikuwa nacho, nikauliza kwa mudomo. Mawili ya hakika? Kifuko. Matatu? Kifuko. Manne? Akafikiri, akitazama maji.

"Manne nachukua hakika. Mi si mujinga."

Ilikuwa ndiyo alama ambayo wakubwa walikuwa wanatafuta kwa viwanja vile vya bondeni: anathubutu, na anajua kusimama. Nikamwambia hivyo. Uso wake ulifunguka.

"Basi andika, papa. Nakuomba. Iko siku Asumani anaoa, na mi naenda wapi na watoto?"

"Nitaandika," nikasema. Nilimusaidia kuinua ndoo kichwani, na nilikuwa na nia ya kweli.

Biro yetu, ofisi ya Kasongo, ilikuwa chumba kimoja. Fishi zilikaa ndani ya sanduku la chuma, na ufunguo ulikuwa kwangu hadi kesho yake, siku shefu wetu wa wakati ule atatengeneza orodha ya bonde. Adhuhuri wenzangu walikwenda kula. Nikafungua sanduku, nikatoa fishi ya Mama Zaina. Kubadilisha alama kungekuwa uongo, na sikuwa na haja ya uongo. Chini ya kila fishi kulikuwa na mistari mitatu mitupu ya maoni ya muulizaji. Mustari mumoja ungetosha: alijibu mbele ya shemeji yake, aulizwe upya peke yake. Shefu angemutuma mwenzetu mwanamuke, ingekuwa kazi ya nusu siku.

Lakini shefu angeuliza pia nani aliacha mama huyu ajibu mbele ya shemeji yake. Na jina la muulizaji lilikuwa pale juu, mwandiko wangu muzuri.

Kontrati yangu ya kazi ilikuwa inaisha mwisho wa mwezi. Nyumba yangu ilikuwa imesimama kuta bila bati, na mvua inakaribia. Nikafanya kile nilichofundishwa. Nikajiuliza nafasi ya kufukuzwa ni ngapi. Shefu alinipenda, kazi yangu ilikuwa safi, nikaipa moja katika kumi, labda mbili. Upande ule mwingine, mama na watoto wawili wanapata mahali pao. Kama mutu mwingine angeniletea hesabu ile na akaikataa, ningemupa alama ya chini ya nusu debe. Niliiangalia fishi hadi nikasikia wenzangu wanaongea njiani. Nikafunga bik. Nikarudisha fishi ndani, katikati ya zingine, nikafunga sanduku.

Kontrati ilirudiwa. Bati nilizipata, na mpaka leo zinavuja upande wa chumba cha kulala.

Mama Zaina hakuwa kwenye orodha. Asumani alioa baada ya mavuno. Niliyasikia kwa watu, sikukwenda kuona. Papa Amuri sikumwambia kamwe, akastaafu, akafa, Mungu amurehemu, akinisifu kwa fishi safi.

Misimu mitatu baadaye nilikuwa Salamabila kwa kazi. Saa ya kula niliingia kwenye kibanda kimoja pembeni ya njia ya machimbo, watu wanakula wali na samaki kwenye mabenchi. Mama aliyekuwa anapakua akainua kichwa. Ni yeye. Alikuwa amekonda, na mukono wa kulia ulikuwa na kovu la mafuta ya moto. Nikataka kurudi nyuma.

"Karibu, papa wa fishi," akasema. "Keti. Hapa tunalisha watu wote."

Nikaketi. Akaniambia alikuja juu ya pikipiki ya mutu asiyemujua, na sufuria moja na watoto wawili, bila kuwa na ndugu hata mumoja hapa. Musichana wake mukubwa alikuwa anaosha sahani nyuma. Wa pili, akasema, yuko pale kwa mashimo, anabeba mawe. Alikuwa na miaka kumi na mbili. Alisema kwa sauti ya kawaida, huku anapakua.

Nilikula bila kusikia ladha. Watu walipopungua akaja akasimama mbele yangu, anapangusa meza mahali palipokuwa pameshapanguswa.

"Nikuulize kitu kimoja tu," akasema. "Uliandika?"

Ningeweza kusema niliandika na wakubwa wakakataa. Angeamini. Nafikiri alitaka kuamini.

"Hapana, mama. Sikuandika."

"Juu ya nini?"

"Niliogopa kufukuzwa."

Akatikisa kichwa pole pole. Hakukasirika, na mimi nilikuwa nangoja akasirike, ningefurahi. Alikuwa anafikiri, kama alivyofikiri siku ile juu ya madebe manne.

"Mi nilikuwa na shemeji kando yangu," akasema. "Na wewe, papa, kando yako nani alikuwa ameketi?"

"Hakuna mutu," nikamujibu. "Nilikuwa peke yangu."